Safari ya Dar es Salaam Isifutwe, Ila Tuiendee kwa Miguu

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu liliulizwa swali ambalo halikupata jibu la kutosha, maana jua lilikuwa linakuchwa na wengi walitaka kuwahi magari ya kurudi makwao. Mzazi mmoja, mtu wa makamo aliyesema kwa upole lakini bila kuficha, aliuliza: kuna faida gani kuwapeleka watoto Dar es Salaam kila mwaka kutembea tu, na hali madawati hayatoshi na maabara ina upungufu wa vifaa? Wazazi wengi walimpigia makofi. Mkuu wa Shule akajibu kwamba jambo hilo litapelekwa mbele ya Bodi, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Mimi ninafundisha Historia, na nimepata kufuatana na wanafunzi katika safari hiyo. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu kabla Bodi haijakutana. Maoni yenyewe ni haya: mzazi yule ana haki ya kuuliza, na kwa namna safari ilivyofanywa miaka ya karibuni haiteteeki. Walakini, kuifuta si dawa. Inafaa ifanywe kwa namna nyingine, na ikifanywa hivyo itakuwa ni somo ambalo sisi walimu hatuwezi kulifundisha darasani hata tukipewa madawati ya dhahabu.

Tuitazame kwanza ilivyokuwa. Basi la kukodi huondoka hapa Morogoro saa kumi za alfajiri. Watoto hufika mjini wamechoka, wana njaa, baada ya kukaa katika foleni ya magari tangu Kibaha. Huteremshwa mbele ya jumba kubwa la maduka, wakapanda ngazi za umeme, wakashuka, wakapanda tena. Kisha hupelekwa Makumbusho ya Taifa, wakapita humo kwa dakika 40 kama watu wanaokimbia mvua. Kisha pwani, kisha basi, kisha usingizi. Kesho yake ukiwauliza waliona nini, mmoja atakuambia ngazi, wa pili atakuambia chipsi, na wa tatu atakueleza kwamba alipigwa picha 60 kwa simu aliyoazima kwa utingo, na katika picha zote hizo umo uso wake mwenyewe na nyuma yake kipande cha ukuta. Ukuta wa nini? Hajui.

Simlaumu mtoto huyo. Mji ukiupita ndani ya kioo cha basi hauwezi kukuambia kitu, kama vile kitabu kisivyoweza kumwambia kitu mtu anayekifunua na kukifunika. Dar es Salaam inataka mtu asimame, ainue uso, asome kilichoandikwa ukutani, kisha amwulize mwenyeji. Na sehemu yake iliyo na mambo mengi ya kale si kubwa: kutoka Stesheni hadi bandarini, na kutoka bandarini hadi Kariakoo au Makumbusho ya Taifa, ni mwendo ambao mwanafunzi wa shule yetu, aliyezoea kupanda milima ya Uluguru kutafuta kuni, atauona mchezo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Twende kwa treni. Tutembee kwa miguu. Mahali pa kuzuru pawe pachache.

Juu ya treni sitasema mengi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, na mtoto akishuka hapo akili yake bado i macho. Lakini kabla ya kupanda, nataka kila mwanafunzi ajue kwamba reli ya kwanza, ile ya Wajerumani, ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Mji wetu na mji ule umeunganishwa kwa chuma zaidi ya miaka 100. Mtoto wa Morogoro hana sababu ya kushuka Stesheni kama mtu aliyefika ng'ambo.

Kutoka Stesheni tutapita Mnara wa Saa, uliojengwa kuwa ukumbusho wa Dar es Salaam kufanywa jiji mwezi wa Desemba 1961, siku zile zile za Uhuru. Tutateremka mpaka ukingo wa bandari, maana huko ndiko mji ulikoanzia. Hapo palikuwa na kijiji cha wavuvi kinachoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja aliipenda bandari hii yenye maji matulivu, akaanza kujenga mji wake mpya na kuupa jina tunalolitumia hadi leo. Wenye elimu wanabishana kama maana yake ni nyumba ya amani au bandari ya salama. Mimi napenda wanafunzi nao wabishane. Majid alikufa mwaka 1870 na mji wake ukaachwa karibu ukiwa. Wajerumani ndio walioufufua, wakauhamishia makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Katika majengo ya siku za Majid yamebaki machache sana. Boma la Kale lipo, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na mlango wake wa nakshi unatosha kumshika mtu nusu saa kama anayo macho. Karibu nalo iko nyumba nyingine ya zamani kama hiyo, iliyo mali ya mapadri, na watu huipita kila siku bila kuuliza jina lake. Inaitwa Nyumba ya Atiman. Nataka nikae hapa kidogo, kwa kuwa katika vitabu vya darasani jina hilo halimo.

Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa mto Niger, katika karne ya 19. Alikamatwa utotoni akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, na huko mapadri wakamkomboa. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga. Alipomaliza alikuja nchi hii, akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa huko kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipokufa mwaka 1956. Basi fikirini: mtumwa wa Afrika ya Magharibi, daktari aliyesoma Ulaya, mwenyeji wa Karema, na jina lake liko juu ya nyumba ya Sultani wa Unguja katika mji wa Dar es Salaam. Mwalimu akisimama na wanafunzi 30 mbele ya ukuta ule akawaeleza habari hii kwa dakika kumi, amefundisha biashara ya watumwa, dini, tiba na jiografia ya bara zima, na hajawatoza wazazi hata senti tano.

Makanisa mawili ya Wajerumani yako karibu hapo, lile la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote yalimalizika mwaka 1902. Ni mazuri, tutayaona kwa nje, na kama hakuna ibada tutaingia kwa adabu. Tusikae sana. Mahali ninapotaka tukae sana ni pa askari.

Kila mtu aliyefika Dar es Salaam ameiona Sanamu ya Askari katikati ya Barabara ya Samora. (Barabara hiyo nayo imebadilisha majina kama mtu anayebadilisha kanzu: iliitwa Acacia, ikaitwa Independence, sasa ni Samora. Majina hayo matatu ni historia ya nchi kwa ufupi.) Askari yule wa shaba alisimamishwa mwaka 1927, ameinama mbele, singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Watu hupanga kukutana hapo, husema, "Nitakungoja pale Askari," kisha wakaenda zao. Wachache mno ndio wanaosoma maandishi yaliyo chini ya miguu yake. Maandishi hayo hayawataji askari peke yao katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Yanawataja na wapagazi, watu waliobeba mizigo ya jeshi vichwani mwao.

Kutoka hapo tutakwenda Kariakoo. Ningependa tutoke hapo kwenda moja kwa moja, bila kusimama njiani, ili mwanafunzi afike na neno lile "wapagazi" likiwa bado masikioni. Maana Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliweka huko kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, na waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na njaa, malaria na kuhara. Hawakujengewa sanamu ya peke yao. Walichopata ni jina la soko.

Nasema vibaya; walipata na mitaa. Mwanafunzi akiwa na daftari na aandike majina ya mitaa ya Kariakoo anavyoyaona kwenye vibao: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Mfanyabiashara wa vitenge atakuambia ni majina tu. Lakini Narung'ombe, Tandamuti na Mahiwa ni mahali, na mahali hapo pako kusini, pande za Kilwa na Lindi, ambako katika mwaka 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana vita vikali kwa damu ya Waafrika waliokuwa pande zote mbili. Leo ukitaka kununua kitambaa cha sare au betri ya saa unapita juu ya vita hivyo. Tunao katika shule yetu wanafunzi waliotoka Lindi na Mtwara. Mmoja wao akisimama pale mtaani akasema, "Mahiwa nimepita na basi, iko njiani kwenda Masasi," mara moja historia inakuwa ni habari ya kwao. Mtaa mwingine unaitwa Aggrey, jina la mwalimu maarufu wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliyezuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Mwingine unaitwa Kongo. Mwingine Sikukuu. Hata huu wa mwisho nataka mtu aulizie habari zake kwa wazee wa pale, wala asiniulize mimi.

Soko lenyewe la Kariakoo, lililojengwa katikati ya miaka ya 1970, lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli. Wanafunzi wanaopenda hisabati na uchoraji watazame paa lake: limeshikwa na nguzo za saruji zilizotanuka juu kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa, na chini ya ardhi iko sakafu nyingine. Liliungua moto mwezi wa Julai 2021, likatengenezwa. Kuhusu wezi wa mifukoni, ambao wazazi waliwataja kwa hofu mkutanoni, ni kweli wapo. Fedha zishikwe na mwalimu, wanafunzi watembee wawili wawili, na saa za kuwa humo ziwe za asubuhi. Soko la Morogoro nalo lina wezi, na hatujawakataza watoto kwenda kununua daftari.

Katikati ya Kariakoo na mitaa ya Uhindini uko uwanja wa Mnazi Mmoja, na hapo ndipo pa kupumzika na kula mkate. Wanafunzi wengi huudhani kuwa ni bustani iliyowekwa kwa ajili ya sikukuu. Sivyo. Wakoloni waliugawa mji mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila fungu na namna yake ya nyumba. Na hapa wakaacha nafasi tupu ili kuwatenga Waafrika na wengine, kwa maneno yao kwa ajili ya afya. Sasa geuza uso uangalie kando ya uwanja, upande wa Mtaa wa Lumumba. Ni katika mtaa huo, katika nyumba iliyokuwa ya African Association, kilizaliwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Chama kilichoondoa utawala ule kilizaliwa ukingoni mwa uwanja ule uliowekwa kuwatenga watu. Sijui mwalimu gani angeweza kupanga mfano mzuri kuliko huo ubaoni, na chaki mkononi.

Hapo watoto watakuwa wametembea asubuhi nzima, na jua la Dar es Salaam si la mchezo. Alasiri iwe ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, katika mtaa wenye jina la Shaaban Robert. Naomba walimu wa Kiswahili wasiupite mtaa huo kimya. Ndani ya jumba ziko hazina nyingi: habari za mtu wa kale wa Olduvai, aliyegunduliwa na Bibi Mary Leakey mwaka 1959 na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,750,000, vitu vya Kilwa, habari za Maji Maji, magari waliyoyatumia viongozi. Lakini tusiangalie vyote. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja tu, akae mbele yake, akichore katika daftari lake, hata kama hajui kuchora. Mkono ukichora, jicho hulazimika kutazama. Atakayemaliza mapema aende bustani ya mimea iliyo karibu, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribia mazao, akae chini ya mti. Bustani hiyo imepunguzwa na mji unaoizunguka, na majumba ya kale yaliyobomolewa katikati ya mji kupisha maghorofa ni mengi. Hii nayo ni sababu ya kutongojea miaka ijayo.

Nimesikia wanafunzi wakiuliza, mbona Makumbusho ya Kijiji, kule Kijitonyama, haimo katika orodha? Haimo kwa sababu inataka siku yake. Ilifunguliwa mwaka 1967, na humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo na nyinginezo, na mara nyingi alasiri hupigwa ngoma. Mwaka juzi vijana wawili walicheka walipoinama kuingia katika tembe, wakasema ni nyumba ya watu wafupi. Mwenzao mmoja, Mgogo, hakucheka. Aliwaeleza kwamba katika nchi yenye upepo mkali na miti michache, nyumba ya chini yenye paa la udongo haing'olewi, na mchana huwa na baridi ndani, kisha akawauliza bati la kwao mchana lina joto kiasi gani. Hawakuwa na jibu. Somo la namna hiyo halifundishwi kwa dakika 20 huku dereva anapiga honi. Kwa hiyo Kidato cha Kwanza na cha Pili na waende huko peke yake, na mji mkongwe tuwaachie wakubwa.

Mzazi mmoja alisema mkutanoni kwamba sanaa na uchoraji ni mambo ya watalii. Ningependa mzazi huyo ajue habari za Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama walivyokuja maelfu. Kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta, ya namna ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini, akiviuza Oyster Bay. Alichora kwa miaka michache tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafa. Lakini wenzake na jamaa zake waliendelea, na leo jina la ukoo wake limekuwa jina la namna ya kuchora inayojulikana duniani kote. Hakuwa amesomea. Watalii wanaijua picha ya tingatinga, na mtoto wa Tanzania ndiye asiyejua kwamba Tingatinga ni mtu! Mahali hapo pa Oyster Bay tutafika, na wanafunzi watawaona wachoraji wakifanya kazi, brashi mkononi, wala hatutanunua kitu.

Na baada ya hapo, starehe. Siitaji kwa kunong'ona. Wapo wazazi, na walimu pia, wanaodhani kwamba safari ya shule ikiwa na furaha ndani yake imeharibika, kama dawa ambayo haikuwa chungu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nataka watoto wapande pantoni pale Magogoni wavuke mpaka Kigamboni na kurudi, ingawa tangu mwaka 2016 liko daraja la mita 680, kwa sababu juu ya daraja huoni kitu ila gari lililo mbele yako, na juu ya pantoni unauona mji wote ukigeuka taratibu, minara ya makanisa ya Wajerumani chini ya maghorofa ya juzi, na majahazi, na meli za makontena, na mama mwenye ndoo ya samaki aliyekaa karibu na karani mwenye tai. Nataka wale mihogo ya kukaanga Coco Beach, yenye chachandu. Wapo wanafunzi wetu ambao hawajapata kuiona bahari. Nilimwona msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akichovya kidole majini na kukilamba, akageuka akaniambia, "Mwalimu, kweli ni ya chumvi!" Alikuwa amekwisha kujibu swali hilo katika mtihani mara nyingi, akapata alama zake zote.

Sasa nirudi kwa mzazi yule na madawati yake. Ngazi za umeme na basi la kukodi ndivyo vilivyokula fedha, si historia. Mitaa haina kiingilio, Askari hana kiingilio, Mnazi Mmoja hauna. Tukiacha basi la kukodi na chakula cha hotelini, tukachukua treni na mikate yetu wenyewe, gharama itapungua, na hesabu yake Mhasibu wa Shule ataiweka mbele ya Bodi kwa wote kuiona. Itakayosalia iende kwenye madawati, nami nitakuwa wa kwanza kufurahi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mkutanoni halikusemwa. Waliopiga makofi zaidi ni wazazi walio na jamaa Dar es Salaam. Watoto wao huenda huko kila likizo, kwa shangazi au kwa kaka, na shule isipowapeleka hawapungukiwi kitu. Mtoto wa Matombo au wa Mahenge asiye na mtu mjini hana njia nyingine. Huyu, safari ikifutwa, ataiona Dar es Salaam kwa mara ya kwanza siku atakayokwenda kutafuta kazi, na bahasha ya vyeti mkononi, akiuogopa mji nao haumjui. Atapita chini ya Askari asijue kwamba huenda babu wa babu yake ndiye aliyebeba mzigo. Ndiye mtoto ambaye wazazi wake hawakufika mkutanoni, kwa kuwa nauli ya kuja ni kubwa, na kwa hiyo hakuna aliyemsemea.

Wengine watauliza, mbona hatuanzi na Morogoro yetu? Swali hilo ni zuri, na jibu langu ni kwamba tuanze nayo, tena muhula ujao, kwa Stesheni ya zamani na Uluguru. Moja halizuii la pili.

Bodi itakutana kabla ya likizo. Wazazi wanaotaka kutoa maoni, ya kukubali au ya kukataa, wayaandike na kumpa mtoto ayalete kwa Mwalimu wa Zamu. Orodha ya mahali, pamoja na ramani iliyochorwa na vijana wa Chama cha Historia, imebandikwa nje ya maktaba. Na mzazi apendaye kufuatana nasi, akiwemo yule aliyeuliza swali, anakaribishwa kwa moyo mweupe. Nauli ya treni atajilipia mwenyewe, na tafadhali avae viatu vya kutembelea.